Kufufua Landrova ya Urithi Iliyokaa Juu ya Mawe: Hatua kwa Hatua

Maswali yanayonifikia kuhusu Landrova za urithi ni yaleyale. Mzee ametangulia mbele za haki, gari limelala bandani tangu watoto wakiwa shule ya msingi, sasa limemwangukia mmoja wao. Naye anauliza: nitie betri mpya nipige stata? Nianze na rangi? Nimpe yule wa vyuma chakavu anayenigongea kila wiki? Jibu la kwanza ni hapana. La pili, bado sana. La tatu, usimpe mtu jibu lolote mpaka umalize hatua ya pili hapa chini.

Ninaandika nikifikiria Series III ya petroli, silinda nne, injini ya cc 2286, ile ndefu ya inchi 109 iliyobeba mabwana shamba, mapadri, askari wa wanyamapori na magunia ya kahawa kote Afrika Mashariki. Ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mwenye Series II au IIA, au ile fupi ya inchi 88, atafuata hatua hizihizi, nitataja panapotofautiana. Aliyerithi Peugeot 404 au 504 atumie mpangilio huu wa kazi, ila vipimo atafute vya gari lake.

Kitu kimoja ushike kabla ya vingine vyote. Gari lililosimama miaka 25 mara nyingi bado ni zima ndani. Siku ya kuliamsha ndiyo siku ya hatari. Ndani ya silinda kuna utando wa kutu, beringi zimekauka, valvu nyingine zimenasa zilipo, na kwenye paipu za breki maji yamekaa kwa miaka. Anayepiga stata siku hiyo anavunja ringi za pistoni na kupinda pushirodi (fito zinazosukuma valvu) kwa dakika moja, kisha anasema gari la mzee lilikuwa limeshakufa.

Karatasi kwanza

Usitumie hata shilingi moja kabla ya kujua gari ni la nani kisheria. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi, hata kama mzee alikukabidhi funguo mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Kwa Tanzania, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kulihamisha, na umiliki unabadilishwa TRA, mamlaka ya mapato. Kwa Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nako wanataka hati za mirathi. Kaeni kama ndugu, mkubaliane, muandike. Nimeona gari likirudishwa barabarani kwa jasho la mtu mmoja, na siku lilipong'aa wakajitokeza wenye gari watano.

Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi. Kwa Series III imegongwa kwenye chuma cha chasisi mbele upande wa kulia, karibu na springi inaposhikia. Sugua kwa brashi laini ya waya mpaka isomeke. Usiisage kwa mashine. Namba iliyofutika itakupa taabu usiyoitaka. Tazama na injini: Landrova nyingi zilibadilishwa zikawekwa injini za dizeli za magari mengine, na kama kadi haikubadilishwa, hilo nalo lirekebishwe.

Vitu vya kuwa navyo

- Spana za inchi. Nati nyingi za gari hili ni 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Spana za milimita zitakula kona za nati, na nati yenye kutu iliyoliwa kona ni kazi ya siku nzima.
- Handeli ya kuwashia. Kama haipo, itafute kabla ya kitu kingine chochote.
- Jeki imara na stendi nne za chuma. Matofali ya kuchoma na ya saruji hupasuka ghafla. Usiingie chini ya gari lililoegeshwa juu yake.
- Fila ya kupimia nafasi, multimita, bomba la grisi, nyundo ndogo, bisibisi nene, brashi za waya.
- Mafuta ya kulainisha kutu, mengi kuliko unavyodhani.
- Oili ya injini 20W-50, lita 7 kwa kuanzia na nyingine kama hizo kwa sababu utaimwaga mapema. Oili ya gia EP90, lita 10. Mafuta ya breki ya DOT 4 kwenye kopo ambalo halijafunguliwa.
- Mtungi wa kuzimia moto, barakoa, glavu, miwani.
- Mifuko midogo, kalamu ya maki, na simu ya kupigia picha kila kitu kabla hujakifungua.

Usinunue bado tairi, viti wala rangi. Fedha yote ya mwanzo iende kwenye breki, mafuta na umeme.

Spea zipo. Arusha ina mafundi na maduka yanayoijua Landrova kwa sababu ya magari ya watalii, Dar es Salaam pitia Gerezani, Nairobi shuka Kirinyaga Road. Nyingine nyingi bado zinatengenezwa na huagizwa kutoka Uingereza. Nenda na spea ya zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Hatua

1. Lifikie gari kama nyumba yenye wenyewe. Fungua milango na boneti kwa fimbo ndefu, mchana kweupe. Nyoka hupenda chini ya viti, nyuki na nyigu huingia kwenye matundu ya chasisi na bomba la eksosi, panya hujenga juu ya injini na kutafuna waya. Mkojo na kinyesi cha panya vina magonjwa, hivyo vaa barakoa, nyunyiza maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha ufute. Usifagie kukiwa kukavu.

Piga picha za kila upande kabla hujagusa. Kisha kagua chini ya viti na kwenye mifuko ya milango: vitabu vya gari, funguo za akiba, risiti za gereji. Risiti ya mwisho ya mzee itakuambia gari lilisimama kwa sababu gani, na hiyo ni habari muhimu kuliko maneno ya majirani.

Usilivute kwa trekta. Breki za magurudumu huenda zimeshikana na dramu, na hendibreki ya Landrova haiko kwenye magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya gia boksi, inashika propela shafti. Ukivuta kwa nguvu gari likiwa limenasa hivyo, unavunja vitu vya gharama kubwa. Fungua visimamizi vya breki (bolti za kurekebisha nafasi ya shuu), gonga dramu kwa nyundo taratibu kuzunguka ukingo wake, weka mafuta ya kutu, subiri, rudia.

2. Gonga chasisi yote. Hapa ndipo unapoamua kama gari linafufuliwa au linakuwa spea za jingine. Bodi ya Landrova ni aloi ya alumini, haioti kutu kama bati, na ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima kwa juu huku chini limekwisha. Chasisi ni ya chuma, ina uwazi ndani, na huliwa kuanzia ndani kwenda nje.

Lala chini na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Panapotia shaka, chomeka bisibisi kwa nguvu. Tazama hasa boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi, sehemu springi zinaposhikia, na ncha mbili za mbele. Kagua pia ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, chini miguuni na kwenye bawaba za milango. Huo nao ni chuma.

Matundu machache yanatengenezeka. Mwambie fundi akate mpaka afike kwenye chuma safi ndipo achomelee. Bati lililobandikwa juu ya kutu litashikilia msimu mmoja tu. Kabla ya kuchomelea, toa betri na uchomoe waya za alteneta. Ikiwa chasisi imeoza sehemu springi zinaposhikia, pande zote, tafuta chasisi nyingine au acha hapo. Uamuzi huo unauma, lakini gari hili litabeba watu.

3. Fungua injini kabla ya kuizungusha. Toa plagi zote nne na uzipange kwa namba. Tazama mlango wa filta ya hewa na kabureta: nimekuta viota vya panya humo, pamba na maganda ya karanga ambayo injini ingeyavuta moja kwa moja ndani.

Mimina kwenye kila tundu la plagi vijiko vitatu vinne vya oili ya gia boksi za otomatiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni. Ukikosa, tumia dizeli na oili nyepesi. Funika kwa kitambaa, ongeza kila siku kwa wiki nzima. Usikurupuke. Muda huu utumie kwa breki, nitazifikia.

Fungua kifuniko cha tapeti juu ya injini. Paka oili kwenye roka, springi na pushirodi. Gonga kichwa cha kila valvu kwa mpini wa mbao: inatakiwa ishuke kidogo na kurudi. Isiyorudi imenasa. Ilainishe kwa mafuta ya kutu mpaka icheze, ndipo uendelee, maana ukizungusha injini valvu ikiwa imenasa utapinda pushirodi.

4. Mwaga oili yote na ushushe sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wengi hubadilisha oili tu, na hapo hukosea. Chini ya sampu kuna tope zito jeusi, na chujio la pampu limekaa ndani ya tope hilohilo. Shusha sampu, kwangua, osha kwa dizeli, safisha chujio, rudisha na gasketi mpya.

Filta ya oili ya gari hili ni ya kuweka ndani ya kopo, nayo ina mpira wa duara juu. Chokonoa mpira wa zamani utoke wote. Ukiweka mpya juu ya wa zamani, oili yote itamwagika chini mara injini inapowaka. Sampu inachukua lita 6 hivi, filta inaongeza karibu lita moja.

5. Zungusha kwa handeli. Gia ikiwa nyutro, plagi zikiwa nje. Dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie mpini. Hii ni tabia ya kuizoea hata pasipo hatari, kwa sababu siku injini itakaporudisha nyuma itakuvunja kiganja. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini.

Ikigoma, usiruke juu ya handeli na usiongeze bomba. Itikise mbele na nyuma kidogo kidogo, mimina mafuta tena, lala, rudi kesho. Injini nyingi zilizokamata huachia hivi. Ikiachia, izungushe mizunguko kamili kadhaa huku ukitazama valvu zote nane zikipanda na kushuka. Kama baada ya wiki kadhaa haijatikisika hata kidogo, fungua silinda hedi uone ndani. Kulisukuma gari likiwa kwenye gia, au kulivuta kwa lori, ni kununua injini nyingine.

6. Breki, kabla injini haijawaka. Naisisitiza sehemu hii kuliko zote. Injini ikishalia, hakuna mwenye moyo wa kuacha kulizungusha gari uani, na uani kuna watoto.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Baada ya miaka mingi, wili silinda zina kutu na raba zake zimekauka. Usijaribu kuziokoa: nunua wili silinda mpya za magurudumu yote, raba au masta silinda nzima, na hosi zote za mpira. Hosi za zamani huvimba kwa ndani, zikapitisha mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi, na gurudumu likabaki limeshikwa. Paipu za chuma zipitishe vidole zote. Yenye vipele vya kutu ibadilishe. Masta na silinda ya klachi zipate huduma hiyohiyo, kwa sababu klachi ya gari hili nayo ni ya mafuta.

Breki shuu za zamani zina asibestosi. Usipulize vumbi lake kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kwenye mfuko uliofungwa.

Kosa ninalolikuta vijijini mpaka leo ni kujaza oili ya injini kwenye kopo la breki pale mafuta ya breki yanapokosekana. Oili huvimbisha raba zote za mfumo. Ukikuta imewahi kufanyika, kila raba itoke, hakuna njia nyingine.

Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ukimalizia lililo karibu. Kisha kaza kisimamizi cha kila gurudumu mpaka lishike, legeza mpaka lizunguke huru. Mguu ukikanyaga pedali, isimame juu na iwe ngumu. Pedali ya sponji bado ina upepo.

7. Petroli: tupa yote, safisha njia yote. Petroli ya zamani huacha gundi inayonuka kama vanishi. Shusha tangi, lioshe kwa maji ya sabuni na kokoto ndogo ukilitikisa, suuza, likaushe juani. Lenye kutu ndani lijaze siki kwa siku kadhaa kisha urudie kuosha. Tangi lisichomelewe na fundi wa mtaani kwa sababu tu linaonekana kavu. Mvuke wa petroli uliobaki hulipuka.

Kwenye pampu, diaframu imekauka. Kuna vifaa vyake vya kubadilisha. Kabureta ya asili ni Zenith. Ifungue juu ya sinia jeupe, piga picha, safisha kila tundu kwa dawa na hewa, kamwe usichokonoe jeti kwa waya. Uso wa kifuniko chake hupinda. Ukikuta hauketi sawa, sugua kwa msasa laini juu ya kioo. Badilisha na mpira mdogo wa duara ulio ndani, kwa sababu ukichoka injini hula petroli na kutoa moshi mweusi hata ufanye marekebisho gani.

Mzee aliendesha kwa petroli yenye risasi. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu kufikia 2006. Gari litakwenda vizuri kwa hii ya leo, ila nafasi ya tapeti uipime mara kwa mara katika kilomita za mwanzo: ni milimita 0.25 kwa valvu zote. Ikizidi kupungua kwenye valvu za eksosi, viti vya valvu vinaliwa.

8. Umeme. Kabla ya kuunganisha betri, jua ncha yake ipi, hasi au chanya, inakwenda kwenye bodi. Series III ni hasi kwenye bodi. Series II na IIA za mwanzo, zenye dainamo, ni chanya. Ukigeuza, unaunguza.

Rangi za waya ndizo ramani yako. Nyeusi ni ya bodi. Kahawia ina moto wakati wote kutoka kwenye betri, na haina fyuzi, kwa hiyo ikitafunwa na panya ndiyo inayochoma gari. Nyeupe ina moto ukifungua swichi. Kijani imepitia fyuzi baada ya swichi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu na nyeupe taa kubwa ndefu, buluu na nyekundu taa kubwa fupi. Kila waya uliotafunwa ubadilishwe kipande kizima. Usizungushe selotepu juu ya shaba iliyogeuka kijani.

Taa zinazofifia kwenye Landrova mara tisa kati ya kumi ni waya wa bodi. Alumini ikigusana na chuma huzaa unga mweupe unaokata umeme. Sugua kila kiungo mpaka king'ae.

Kwa upande wa cheche: sugua pointi au weka mpya, nafasi milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kondensa mpya, kifuniko na rota vikaguliwe nyufa.

9. Maji. Suuza rejeta na bloku kwa maji kutoka chini kwenda juu mpaka yatoke meupe. Hosi zote mpya, feni belti mpya. Tazama vibati vya duara vilivyoziba matundu ya bloku ubavuni. Vilivyotoboka hubadilishwa kwa gharama ndogo. Thamostati irudishwe. Najua mafundi wengi huitoa wakisema gari la nchi za joto haliihitaji. Injini isiyofikia joto lake hula oili, hula petroli na kuchakaza silinda. Inayochemka ina rejeta iliyoziba au gasketi iliyoungua, na kutoa thamostati kunaficha ugonjwa tu.

10. Siku ya kuwasha. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vifupi, ukiipumzisha katikati, mpaka taa ya oili izime. Sasa oili imefika kwenye beringi. Rudisha plagi.

Kwa mara ya kwanza usitumie tangi la gari. Chomeka hosi ya pampu kwenye galoni safi lenye petroli mpya, liwekwe chini, mbali na eksosi. Mtu mmoja asimame na mtungi wa moto. Na tafadhali sana, usimimine petroli kwa kopo kwenye mdomo wa kabureta wakati mwingine anapiga stata. Injini ikirudisha moto, moto huo hutoka hapohapo ulipoinamisha uso.

Ikiwaka, tazama taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde 10, zima. Ikizima, acha injini iende taratibu, sikiliza, tazama chini kama inavuja. Moshi mzito wa dakika za kwanza ni yale mafuta uliyomimina kwenye silinda, utaisha. Pima betri: alteneta ikifanya kazi utaona volti 13.8 hadi 14.4.

11. Gia na miguu. Mwaga na ujaze upya gia boksi (lita 1.5), boksi la pili, yaani transfa (2.5), difu zote mbili, na mipira ya chuma ya magurudumu ya mbele, nusu lita kila mmoja. Kwa gia boksi chagua oili yenye alama GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 hula shaba iliyo ndani. Pampu grisi kwenye kila chuchu ya grisi. Vibao vya springi vilivyoshikana kwa kutu vifunguliwe na kusuguliwa, la sivyo gari litaruka kama gari la ng'ombe.

Onyo la pekee: ndani ya boriti ya mbele kuna kifaa cha kupokeza usukani chenye springi kubwa iliyobanwa. Kikilegea, mwachie fundi anayekijua. Ukikifungua kwa kubahatisha springi hutoka kwa nguvu ya kumvunja mtu mfupa.

12. Tairi. Zitupe hata kama zina meno mapya. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka. Zikiwa tatu, tairi ilitengenezwa kabla ya 2000. Kwa ndefu tafuta 7.50-16, zipo kila mahali kwa sababu Landkruza za kazi huzitumia.

13. Bodi na rangi, mwisho kabisa. Alumini inahitaji praima yake, na kila inapokutana na chuma weka raba au rangi katikati. Kuhusu mikwaruzo na mibonyeo, nina maoni yangu. Jina la shamba lililoandikwa mlangoni kwa mkono, alama ya kiti pale mzee alipoegemea kiwiko, tundu la ndoana alilofungia taa ya karabai: acha. Rangi mpya inapatikana wakati wowote. Hivyo vikipakwa juu havirudi.

Ikigoma

*Stata inazunguka, injini haishiki.* Chomoa waya wa plagi, tazama cheche. Hakuna? Pointi zina utando, au kondensa imekufa. Ipo? Tazama petroli kwenye kabureta.

*Inashika, inazima baada ya dakika chache.* Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia upepo ukivutwa, tundu la kupumulia limeziba, mara nyingi kwa udongo wa nyigu. Vinginevyo ni uchafu kwenye bakuli la chujio la petroli.

*Gia haziingii injini ikiwaka, zinaingia ikizimwa.* Sahani ya klachi imegandana na gurudumu la injini. Kandamiza pedali kwa gogo usiku kucha. Bado? Acha injini ipate moto kisha rudia.

*Moshi mweupe usioisha na maji yanapungua.* Gasketi ya silinda hedi. *Moshi wa buluu.* Ringi zilizonasa. Nyingine huachia baada ya kilomita mia chache, hivyo usikimbilie kufungua injini. *Mweusi.* Kabureta.

*Gurudumu moja linapata moto.* Hosi ya breki, au hukulegeza kisimamizi.

*Breki zinavuta upande mmoja.* Oili ya difu au ya mpira wa chuma wa gurudumu la mbele imevuja kwenye shuu. Badilisha sili na shuu. Shuu iliyonyonya oili haisafishiki.

*Injini inachemka ikiwa imesimama tu.* Feni belti imelegea au matundu ya rejeta yameziba kwa wadudu na majani. *Inachemka ikipanda mlima.* Rejeta imeziba ndani, ipeleke kwa fundi wa rejeta aifungue.

Safari za kwanza

Anza uani, halafu njia ya shamba, mwendo wa baiskeli, ukijaribu breki kila baada ya hatua chache. Rudi, gusa kila dramu kwa mkono uone ipi imepata moto kuliko nyingine. Mwaga oili ya injini baada ya kilomita 200 hivi. Itatoka nyeusi imebeba uchafu wa miaka yote. Mwaga tena kwenye 1,000. Kaza upya nati za magurudumu, bolti za springi na manifodi. Lami na mji visubiri mpaka bima iwe imelipwa, gari limekaguliwa, na umeweza kwenda kijiji cha pili na kurudi mara kadhaa bila kufungua boneti njiani. Kwenye gari weka galoni la maji, hosi ya rejeta ya akiba, feni belti, pointi na kondensa, na ile handeli.